Kuunda modeli ya Chevy Bel Air ya 1957: anza na bodi, karatasi ya maelekezo itasubiri

Kila mgeni akija kwangu akiliona kabati la sebuleni anauliza mambo mawili, kwanza vigari hivi umenunua wapi, halafu akishaambiwa nimeunda mwenyewe anauliza inachukua muda gani, na hilo la pili ndo linanishinda kujibu maana gari la kwanza nilimaliza jumamosi moja na lilitoka baya mpaka leo nimelificha, la mwisho limekula miezi minne. Sasa nimechoka kueleza nusu nusu huku chai inapoa, naandika yote mara moja, atakayeuliza nitamtumia hii.

Hatuongelei toi la kununua limekamilika. Unanunua boksi, ndani kuna vipande vya plastiki mia na kitu vimeshikana kwenye fremu kama ndizi kwenye mkungu, we unakata, unapiga msasa, unapaka rangi na kugundisha mpaka inatoka gari yenye injini, difu, ekzosi, viti na usukani. Magari ya Kimarekani mengi ni skeli ya 1/25, yani gari la kweli limepunguzwa mara 25, ingawa kampuni ya Monogram wao walizoea 1/24. Bel Air ya 1957 ya kweli ina urefu wa inchi 200, yani mita 5 na sentimita 8, kwa iyo mezani inakuwa sentimita 20 na kidogo, inakaa vizuri kwenye kiganja na kidole kidogo kinabaki nje.

Na huu mchezo una mizizi huku huku Michigan nnakoishi. Kampuni ya AMT ya Troy walianza kwa kutengeneza vigari vya kuwekwa kwa madila, yani wauzaji, wa Ford ili mteja aone umbo na rangi ya gari jipya, halafu 1958 wakaanza kuviuza vikiwa vipande vipande, boksi moja unaweza kuunda gari kwa namna tatu, kama lilivyotoka kiwandani, au limepambwa, au la mashindano. Watoto wa enzi hizo walikuwa wanasubiri boksi la mwaka mpya kama watu wanavyosubiri gari lenyewe. Leo AMT na MPC, kampuni nyingine ya maboksi haya, wako chini ya kampuni ya Round 2 ya South Bend, Indiana, na maboksi yao mengi bado yanatoka kwenye moldi, yani vyuma vya kumiminia plastiki, zile zile za zamani. Hii inakuhusu wewe mnunuzi, maana picha ya boksi inaweza kuwa mpya kabisa inang'aa kumbe moldi ya ndani ina miaka sitini, vipande vina vimbavimba vya plastiki iliyovuja pembeni na haviingiliani bila kusuguliwa. Sio vibaya, mi nayapenda, ila lisiwe boksi lako la kwanza. La kwanza tafuta moldi ya karibuni, na lolote lenye milango inayofunguka lipite, milango ya kufunguka kwenye modeli ni machozi. Kampuni ya Revell wanaandika namba ya ugumu kwenye boksi, 1 mpaka 5, 1 ni ya kubana tu bila gundi. Wengi watakushauri uanze na hiyo. Mi nasema anza na gari unalolipenda kweli, ugumu ukiwa wa katikati, kwa sababu wiki ya tatu hamu ikipungua kitakachokurudisha mezani ni lile gari, sio urahisi wake.

Mimi langu ni Bel Air ya 57, na nitalitumia kueleza yote, ila ukiwa na Mustang au Charger hatua ni zile zile na tena utapumua maana kromu ni chache.

Vifaa sio vingi. Kisu chembamba cha kubadilisha wembe na wembe za akiba nyingi, koleo dogo la kukatia lenye mdomo bapa, kibano, msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, vibanio vya nguo, vijiti vya meno, pamba za masikio, tepu ya kuzibia rangi. Gundi tatu. Ya kwanza ya plastiki, ile ya maji maji, mi natumia Tamiya ya kifuniko cha kijani, hii haishiki juu juu, inayeyusha plastiki mbili zikawa moja, kwa hiyo unabana vipande kwanza ndo unagusisha brashi kwenye mshono gundi inajivuta yenyewe ndani. Ya pili supaglu kwa ajili ya vyuma na waya. Ya tatu gundi nyeupe ya watoto wa shule, iyo ni ya vioo tu, na ole wako uweke supaglu kwenye kioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiotoka. Nina Impala imekaa kabatini kama imepaki asubuhi ya baridi, vioo vyote vimefuka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Fungua karatasi ya maelekezo uone, karibu zote hatua ya kwanza ni injini. Kipande cha 1 na kipande cha 2, nusu mbili za bloku. Usifuate. Kilichoharibu magari yangu yote ya mwanzo ni hicho, unaunda injini siku tatu, chesisi siku nne, ukifika kwenye bodi umeshachoka na una haraka ya kuona gari limekamilika, unapuliza rangi leo unashika kesho, alama ya dole gumba inabaki juu ya paa milele. Rangi ndo inahitaji muda kuliko kitu chochote humu, kwa iyo bodi ianze usiku wa kwanza, halafu ikiwa inakauka ndo unafanya injini na takataka nyingine zote.

Usiku wa kwanza basi. Osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kuna mafuta ya kiwandani yanabaki kwenye plastiki na rangi haiyapendi. Ziba tundu la sinki kabla, nakwambia kwa uchungu. Zikikauka chukua bodi uizungushe chini ya taa, utaona mstari mwembamba unapita juu ya fenda na kwenye nguzo za vioo, pale ndo moldi zilikutana. Gari la kweli halina mstari huo. Usugue wote kwa 400 kisha 600, taratibu, usije ukala na pembe za mapezi, yale mabawa ya bati yaliyosimama nyuma, maana 57 bila ncha kali kwenye mapezi ni gari lingine. Halafu mistari ya milango na buti, pitisha mgongo wa wembe mara nne tano uizidishe kina, rangi ikija haitaifunika. Mwisho unakusanya gari zima kwa tepu bila gundi, chesisi, ndani, bodi, matairi, uone kama boneti inafunga na gurudumu zote nne zinagusa meza. Kama kuna kitu kinagoma, leo ndo siku ya kukijua, sio siku rangi imeshang'aa.

Praima. Usiruke. Ya kijivu inafaa nyingi, nyeupe kama rangi yako ni ya kung'aa kama nyekundu au njano. Praima inakuonyesha mikwaruzo uliyodhani umeitoa, unasugua tena unapuliza tena, na pia inakinga plastiki, maana rangi za spreyi za magari ya kweli ni kali zinaweza kuitafuna plastiki tupu ikawa kama ngozi ya mjusi.

Rangi za 57 zilikuwa na majina matamu, Matador Red, Larkspur Blue, Tropical Turquoise, India Ivory. Langu ni turquoise, bluu ya kijani, na paa la ivory, nyeupe ya pembe za ndovu. Ya mwanga inatangulia siku zote, kwa iyo napuliza ivory kwanza, naacha ikauke kweli kweli, naziba paa kwa tepu nikiikandamiza ukingo kwa kijiti cha meno, halafu, hapa sikiliza vizuri, napuliza tena ivory kidogo juu ya ukingo wa tepu. Ikiwa kuna upenyo chini ya tepu, ivory ndo inaingia kuuziba, na ivory juu ya ivory nani ataona? Ndo turquoise inafuata. Ukibandua tepu unapata mstari kama umekatwa na wembe. Fundi rangi mmoja mzee aliniambia hii na nilimwona mchawi.

Kupuliza kwenyewe: weka kopo kwenye maji ya vuguvugu ya kuogea dakika kumi, usithubutu kuliweka jikoni kwenye moto, litalipuka. Umbali sentimita 20 hadi 30. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye bodi na uachie ukishapita, usianzie juu ya gari. Mikono miwili mitatu ya ukungu mwepesi, unaona plastiki bado inachungulia, sawa, subiri dakika kumi kumi, halafu mikono miwili ya kulowesha mpaka ing'ae. Ikitiririka usiiguse! Acha ikauke, utaisugua. Na angalia hali ya hewa, chini ya nyuzi 10 za selsiasi usipulize na siku ya unyevunyevu usipulize. Mwezi wa nane mwaka juzi mvua imetoka kunyesha, nimeona jua limetoka nikasema kumekucha, nikapuliza bodi nyeusi gereji, ndani ya dakika tano ikawa na weupe kama imepakwa unga. Ni unyevu umenaswa kwenye laka, ile rangi ya kukauka haraka. Ilibidi nisugue kila kitu.

Wanaoishi nyumba zenye besimenti huku, najua kuna joto na baridi ya January inakushawishi ushuke ukapulizie chini. Angalia kwanza kama chombo cha kuchemshia maji au fanesi ya kupasha nyumba joto ni ya gesi, ule mwako mdogo unaowaka ndani hauhitaji sana mvuke wa rangi ili uwashe nyumba nzima. Toa gari nje kupuliza, kisha rudi nalo ndani likauke. Na vaa maski yenye filta za kuzuia mvuke, barakoa za hospitali zile hazizuii kitu.

Kukauka: laka siku mbili tatu, enameli, rangi ya kukauka taratibu, wiki na zaidi. Na usipulize laka juu ya enameli, itakunjamana kama karatasi iliyolowa. Kipimo changu ni pua, ukinusa bodi ukasikia rangi basi haijakauka, rudisha. Nina mashine ya kukaushia matunda nimenunua mtumba dola kumi na mbili, nimekata trei zake, naweka nyuzi 40 sio zaidi na bodi inakaa humo siku nzima. Mke wangu alidhani ni ya maembe. Sasa anajua, na maembe hayaruhusiwi kuingia humo tena.

Wakati bodi iko kwenye mashine ndo unarudi kwenye ile hatua ya kwanza ya karatasi. Injini ya Chevrolet V8 ni rangi ya machungwa, Ford kuanzia 1966 ni bluu, na Mustang ya 65 yenye injini ya 289 bloku nyeusi na vifuniko vya juu vya dhahabu. Watu wanaojua magari wataangalia hapo kwanza, ukipaka injini ya Chevy bluu umeumbuka. Kitu kingine, distributa ya V8 ya Chevy ipo nyuma karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, ya Ford ipo mbele. Ukitaka kuongeza waya za plagi, na we ongeza tu maana ndo kitu kinachobadilisha modeli kutoka toi kuwa gari, tafuta waya mwembamba wa simu mbovu, toboa distributa matundu nane, na mpangilio wa kuwaka wa 283, V8 ya Bel Air, ni 1-8-4-3-6-5-7-2, silinda za namba witiri upande wa dereva, yani kushoto kwenye gari la Kimarekani, kuanzia mbele, shufwa upande wa abiria. Hakuna atakayehesabu. Mi nahesabu.

Chesisi nyeusi isiyong'aa, ekzosi rangi ya chuma, difu nyeusi pia, hapo usipoteze wiki. Ndani viti visiwe na mng'ao, plastiki inayong'aa ndo inamwambia mtu kwamba ni plastiki. Saa za dashibodi ukishapaka dondoshea tone moja la klia, vanishi isiyo na rangi, kila saa, linakaa kama kioo. Matairi yapitishe msasa pale yanapogusa barabara yapoteze ule weusi wa kiwandani, na usiyahifadhi yakigusana na plastiki, hasa ya vioo, mafuta yake yanakula plastiki taratibu mpaka inabonyea.

Vipande vya kromu. Gundi ya plastiki haishiki juu ya kromu, kwangua na wembe pale pa kuunganisha mpaka uone plastiki. Kama kromu yenyewe imeharibika, au kipande kwenye gari la kweli hakikuwa cha kromu, loweka kwenye bleach, ile tunayoita Jik nyumbani, nusu saa imetoka yote. Bampa zile zinazong'aa mno pitishia rangi nyeusi iliyochanganywa maji maji kwenye mifereji ya shoo ya mbele kisha futa juu, weusi ubaki kwenye matundu tu. Na Bel Air shoo yake ilikuwa ya dhahabu sio ya fedha, pamoja na zile alama ndogo tatu kwenye kila fenda ya mbele. Chevy za bei ya chini za mwaka huo, zilizoitwa 150 na 210, hazikuwa na dhahabu hiyo, kwa hiyo ukiacha fedha umeshusha gari lako daraja.

Haya tumefika kwenye mistari ya kromu ya ubavuni, kazi ambayo watu wanaikimbia wanapaka rangi ya fedha kwa brashi. Usipake. Kuna karatasi nyembamba sana ya chuma yenye gundi nyuma, Bare-Metal Foil, shiti moja inatosha magari mawili matatu. Unakata utepe mpana kuliko mstari, unaulaza, unaubana kwa kidole halafu kwa pamba ya masikio, halafu kwa ncha ya kijiti cha meno kwenye kona mpaka umbo lote lijichore, ndo unachukua wembe MPYA, nasema mpya sio uliokatia fremu jana, unapitisha pembeni bila kukandamiza, uzito wa wembe wenyewe unatosha, unavuta mabaki. Wembe butu unachana na kuacha meno meno. Kwenye 57 kazi ni kubwa kwa sababu Bel Air ina ule mkia mpana wa bati lenye mistari ubavuni nyuma, mi naufunika wote kwa shiti moja kisha pembeni nakata upya. Fremu za vioo pia, na mfereji wa maji juu ya mlango. Inachukua jioni tatu. Radio, chai, usiwe na haraka.

Yale maandishi madogo ya Bel Air hayakatiki na wembe, hata ukiwa daktari wa macho. Ujanja wake ufanyike mapema, kabla ya rangi: unabandika ile foil juu ya maandishi ukiwa bado kwenye praima, unapuliza rangi juu yake, halafu rangi ikiwa bado changa unachukua kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, kimelowa thina kidogo tu, unapangusa juu juu ya herufi zilizonyanyuka. Rangi inatoka juu ya herufi na kromu inajitokeza chini. Mara ya kwanza nilifuta mpaka fenda, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye bodi mbovu.

Kabla ya foil ya ubavuni bodi inatakiwa iwe imeshapigwa polishi. Sugua kwa 2000 na maji yenye tone la sabuni mpaka ule ugozi wa chungwa, vile vinundu vya rangi kama ganda la chungwa, uishe, pembeni na kwenye mapezi usiguse kabisa maana rangi ni nyembamba hapo, kisha polishi ya magari kwa kitambaa laini. Taa ya dari ikionekana juu ya boneti bila kuvunjika, acha, ukiendelea utatoboa.

Kwa picha za kuiga mi silali, kila jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane kuna Woodward Dream Cruise hapa, tangu 1995, magari ya zamani yanajaa barabara ya Woodward kutoka Ferndale mpaka Pontiac, na wenye magari wanapenda kuulizwa, mzee mmoja alinifungulia boneti nikapiga picha mabomba yote, picha arobaini hivi. Ndo yeye alinionyesha tundu la mafuta la 57, halionekani, limefichwa nyuma ya kromu ya pezi la kushoto. Nimekata kile kipande kwenye modeli yangu kikae wazi nusu, mgeni yeyote akikaribia anauliza kimevunjika.

Kukusanya mwisho: vioo kwa gundi nyeupe, ndani kunaingia kwenye bodi, chesisi inafuata kuanzia mbele, tanua bodi kidogo sana kwa vidole, nguzo za kioo cha mbele ndo zinazovunjika. Bampa mwisho. Taa za nyuma usizipake nyekundu ya kawaida, tumia nyekundu inayopitisha mwanga, Tamiya X-27, juu ya kromu, zitawaka zenyewe ukipita na tochi.

Halafu namba za gari. Boksi lina stika za maji za namba za Kimarekani, majimbo mbalimbali. Mwanangu akachapisha yake kwenye printa ya shule, ya njano, inaanza na T kama za Tanzania, akaibandika nyuma imekaa upande. Nimeiacha hivyo hivyo.